Kunguni wa Nyumba ya Bi Tatu

Simu ya msiba ilinikuta nachambua kunde. Aliyepiga alikuwa Zaituni, na kwanza sauti sikuijua, maana mara ya mwisho kumsikia alikuwa msichana mwenye sauti kali kama ya bati likikatwa, na sasa inakwaruza kama yangu. Akaniambia mama yake, Bi Tatu, ametangulia, wanazika kesho baada ya adhuhuri, na wanawake wanakaa palepale Kariakoo, isipokuwa nyumba siku hizi ni ghorofa. Nikasema inna lillahi, nikamwambia nitafika, nikakata. Halafu nikabaki na ungo mapajani nisijue kunde nzuri ni ipi na mbovu ni ipi. Bi Tatu alikuwa mwenye nyumba wangu kwa mwaka mmoja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Baada ya hapo nimekaa nyumba nyingi, nimezaa, nimezika mume, nimechoma vitumbua mpaka vidole vikaacha kusikia moto. Lakini ukiniuliza nilianza lini kuwa hivi nilivyo, mtu asiyeingia chumbani kwa mtu mpaka aitwe mara mbili, nitakurudisha kwenye mwaka ule. Nilizaliwa na nani na nikalelewa wapi hayo nayaacha. Hayana ajabu.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ukumbi katikati umenyooka kutoka barazani mpaka uani. Bi Tatu na Zaituni walikaa vyumba vya mbele. Changu kilikuwa cha mwisho, kimepakana na jiko la uani, ukuta wake una joto mchana kutwa kama shavu la mwenye homa. Mume wangu Salum, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori, anapakia bandarini anapeleka Zambia, na akiondoka hujui anarudi lini. Nilimjua zaidi kwa harufu ya dizeli kwenye shati kuliko kwa maneno yake. Mle ndani tulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati na godoro la sufi alilolileta mwenyewe juu ya lori siku tuliyohamia, na nyumba nzima ilitoka kulitazama linavyoshushwa. Basi mwenzangu wa kukaa naye akawa ukuta. Upande wa pili wanawake walimenya vitunguu, wakasukana, wakasemana, nami niliwajua kwa masikio kabla sijawajua sura. Nilikijua kicheko cha Mama Rukia, mpangaji wa chumba kilichotazamana na changu, aliyeuza nazi sokoni na kumtania kila mtu. Nilijua Bi Tatu akikohoa kidogo maana yake maongezi yamekwisha. Walikuwa wananiita "mgeni". Mgeni hajambo, mgeni amelala, mgeni mumewe hajarudi. Siku waliyonigongea mlango nitoke nikae nao ukumbini, nilifurahi nikaificha furaha, nikajifanya natafuta kanga.

Kunguni tulikuwa nao wote, na hakuna aliyeona haya. Jumamosi vitanda vilitoka uani, tunalegeza kamba, tunamimina maji ya moto kwenye matundu ya matendegu, na wao wanatoka mbio huku Mama Rukia akiwaaga kwa majina ya wanaume waliomwacha. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu siku hiyo hakuna mgeni wala mwenyeji, wote tumelowa, wote tunajikuna. Halafu Bi Tatu akaleta dawa. Ulikuwa unga mweupe kwenye kopo, kaununua duka la Mhindi mtaa wa pili, akaugawa kwa mkono wake kama anayegawa sukari ya Idi. Alianzia chumbani kwake, akamwaga mpaka sakafu ikawa kama imepigwa chokaa, akaja chumba baada ya chumba, na alipofika kwangu kopo lilikuwa linagongwa kitako. Asubuhi tuliwazoa kunguni kwa ufagio. Tulilala usingizi ambao nyumba ile haikuwahi kuulala. Bi Tatu akawa anatembea kifua mbele, na majirani walipokuja kuuliza akawaambia nyumba yangu haina mdudu. Kosa lilianzia pale. Dawa haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye kauli. Ukishaitangazia Kariakoo nzima kwamba nyumba yako haina mdudu, mdudu akirudi lazima apatikane aliyemleta.

Na walirudi. Walirudi taratibu, mmoja kwenye mshono wa mto, mwingine kwenye ufa wa mlango. Bi Tatu akaongeza dawa, wakapungua, wakarudi. Akaongeza tena, chumbani kwake hasa, mpaka ukipita ukumbini koo linawasha. Jumamosi hakuna tena aliyetoa kitanda, maana kutoa kitanda ni kukiri. Kila mtu akawa anajikuna ndani kwake, mlango umefungwa. Nikarudi kwenye ukuta wangu. Ndipo siku moja nikawasikia. Zaituni alikuwa anasema kunguni hawaoti kama majani, kuna mahali wanatoka, na humu ndani godoro lililotembea ni moja tu. Mama Rukia akasema, "Lile la Zambia?" Wakacheka. Bi Tatu akakohoa, wakanyamaza, lakini hakusema hapana. Nilikaa kitandani, mkono juu ya lile godoro, joto la jiko likiniingia mgongoni. Nilikuwa na umri wa kuolewa, nikajiona mdogo wa kunyonya.

Hawakunifukuza. Watu wa pwani hawafukuzi mtu hivyo. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, futari ililiwa pamoja ukumbini: jamvi moja, sinia moja, muhogo wa nazi, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga, kila mmoja analeta chake. Nami nilikuwa nakaanga kaimati. Siku ya kwanza nikatoka na bakuli langu, nikakuta mlangoni kwangu pamewekwa sahani, imefunikwa kawa vizuri, magimbi yanafuka moshi. Kwetu chakula hupelekwa chumbani kwa aliyejifungua au kwa mgonjwa. Nikasimama pale na kaimati zangu. Zaituni akasema kutoka jamvini, kwa upole kabisa, "Tumekuwekea mgeni, usijisumbue kutoka." Nikasema ahsante. Ningesema nini? Adhana ikalia, nikafungua kinywa kwa tende, nikala peke yangu nikisikiliza vijiko vyao. Kwetu pia sahani hairudishwi tupu, kwa hiyo kesho yake niliirudisha na kaimati zangu. Jioni nilizikuta zote uani, kuku wanazigombania. Watu wengine wanakumbuka njaa ya ujana wao. Mimi nakumbuka mwezi niliokula kila siku nikashiba na kila tonge lilikuwa linanifukuza.

Nilikuwa na kiburi, na sina haja ya kukikana, kimenifikisha hapa. Niliona njia ni moja, kuwaonyesha. Nikatafuta chupa mbili za jamu, maana kioo kunguni hakipandi, anateleza. Kwenye ya kwanza nikaweka kunguni wa kitandani kwangu. Kwa ya pili nilingoja mpaka Bi Tatu alipotoka kwenda kutawadha, nikapitisha kijiti kwenye ufa wa kiti chake cha barazani, kile kinacholala chumbani kwake na asichokalia mtu mwingine, nikawapata wanene, wametulia kama wenye nyumba. Nikawanyunyizia wote ule unga wake mweupe, nikawaacha mpaka kesho. Kulipokucha, wa kwangu wengi walikuwa wamelala miguu juu, wachache wanajikokota. Wa kwenye kiti walikuwa wanatembea kwenye dawa kama watu wanaotembea ufukweni. Niliona tofauti hiyo kwa macho yangu lakini sikuielewa. Nilichoelewa ni kwamba dawa imeshindwa, si mimi. Nikazibeba chupa nikaenda nazo ukumbini, wote wapo.

Nikasema, "Bi Tatu, hawa wamelala na dawa tangu jana. Tazama, wanatembea."

Akainama akatazama. Alikuwa mwanamke mzuri, mwenye hina iliyokolea mpaka kwenye kucha. "Umewatoa wapi?"

"Hawa wa kwangu. Hawa wa kwenye kiti chako."

Wote wakamgeukia Bi Tatu. Kama ningekuwa na akili ningesema ni wa ufa wa mlango, au wa paka. Mama Rukia ndiye aliyetangulia kusema, maana utani hawezi kuuacha upite hivi hivi. "Wenzake wanafuga kuku," akasema, "yeye anafuga wa kitandani. Muulizeni kama wanataga." Wakacheka mpaka Zaituni akashika ukuta. Bi Tatu hakucheka. Alizifunika zile chupa kwa mkono wake wenye hina, polepole, kama anayemfunika maiti uso.

"Mtoto wa watu," akasema, "dawa yangu iliwaua wote. Hawa umewazoesha wewe. Umewalisha kidogo kidogo humo chupani mpaka wakaizoea, kisha ukawaachia nyumba yangu. Siijui nia yako. Mumeo akirudi mtafute chumba."

Nikarudi chumbani kwangu. Kilichoniuma miaka yote, zaidi ya kufukuzwa, ni hiki. Maneno yake yalikuwa na mantiki. Mtu anazoea pilipili, mtu anazoea pombe, kwa nini kunguni asizoee dawa? Nililala nikiwaza labda ni kweli, labda nimewafundisha. Salum aliporudi walikuwa wameshamwambia barazani kabla hajanifikia. Aliingia, akaniamkia, akavua shati. Kabla hajakaa kitandani akalikung'uta godoro kwa kiganja. Godoro lake mwenyewe. Tulihamia Buguruni, na tuliishi vizuri mpaka kifo, watoto wanne, sijamlaumu hata siku moja. Lakini mkono ule ukikung'uta godoro niliuona kila alipotoka safari, na yeye hakujua kwamba ninauona.

Sikuwahi kumsimulia mtu. Nilimsimulia mjukuu wangu Nasra jioni ile ya simu, kwa sababu aliingia akanikuta nimetulia, naye si mtu wa kukuacha utulie. Nasra anasoma chuo kikuu, anasomea kufundisha baiolojia, na naomba nisamehewe, lakini nikipita naye mtaani natembea kama gari la harusi. Mimi niliishia darasa la nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: dawa nyingi zaidi ilimwagwa chumba kipi? Nikamwambia chumbani kwa Bi Tatu, kwangu tuligongewa kopo. Akaruka. Akauchukua ungo wangu.

"Bibi, tazama," akasema. "Hizi kunde ndio kunguni kabla ya dawa." Kunde nyeupe tele, na katikati nyeusi mbili tatu, zile zinazochanganyika gunia likiwa bovu. Akasema hata mimi na dada zangu, baba mmoja mama mmoja, hatukufanana, na kunguni vilevile, wako ambao wamezaliwa na kitu ndani ya miili yao ambacho dawa haikiwezi. Hawakukitafuta, hawakujifunza. Kimetokea tu, kama anavyotokea mtoto mwenye vidole sita. Dawa ikaja. Akafagia kunde nyeupe kwa kiganja, karibu zote. Waliobaki wakazaa, na mtoto anafuata mzazi. Akaongeza nyeusi kutoka kwenye gunia, akaongeza nyeupe kidogo. Dawa tena, akafagia. Hakuchelewa, ungo ukawa mweusi.

"Hakuna kunguni aliyezoea," akasema. "Aliyekufa alikufa, na aliyepona alikuwa hivyo hivyo siku ambayo dawa haijaingia nyumbani. Dawa haikuwafundisha. Iliwachagua. Na palipomwagwa nyingi ndipo ilipochagua sana."

Nikasema, "Kwa hiyo wa kwenye kiti…"

"Ndiyo, Bibi. Wagumu kuliko wote walikuwa kwake."

Nikaokota kunde moja nyeusi nikaigeuza kiganjani. Akadhani sijaelewa, akaendelea, kama wanavyoendelea walimu. Akasema kuna wakati hata dawa haihitajiki, ni bahati tu. Akazichanganya tena, nyeupe nyingi na nyeusi chache, akafumba macho akateka kiganja, akakifungua, nyingi zikawa nyeusi. Wachache wakihamia mahali papya, uzao wote wa huko utafanana na hao wachache, si kwa ubora wao, ni kwa kuwa ndio waliobebwa. Halafu akaugawa ungo nusu kwa nusu, akaweka mwiko katikati. Ukiwatenga hivi viumbe wa aina moja, akasema, kwa mlima au kwa maji, wasikutane, kila upande unabadilika kwa njia yake. Miaka ikiwa mingi sana, mingi kuliko tunavyoweza kuwaza, siku mwiko ukiondolewa wanakutana hawajuani, hawazai pamoja, wameshakuwa viumbe wawili. Nikamuuliza kama ndiyo hayo mambo ya nyani. Akacheka akasema yanahusiana. Nikamwambia ya nyani namwachia Mola, sikuwepo. Lakini ya kunguni nilikuwepo, nimewaona kwa macho yangu wakitembea kwenye unga, na hakuna atakayenibishia. Kunde zile sikuzipika. Nililala nimeuacha ungo mezani na mwiko wake katikati.

Basi kesho yake niliamka nikiwa na kesi mkononi. Niseme ukweli, nilienda msibani kuzika, na nilienda kushinda. Bi Tatu amekufa lakini Zaituni yupo, na nilitaka asikie kutoka kinywa cha msomi kwamba godoro langu halikuwa na hatia. Nasra nikamvalisha baibui yangu nzuri. Kariakoo sikuijua. Mahali palipokuwa na baraza pana duka la simu, juu yake ghorofa la vioo. Bi Tatu aliuza kiwanja akabakiziwa nyumba moja ya juu, na alikufia huko, watu wa mtaa wake wote wametawanyika Mbagala, Gongo la Mboto, wengine hata watoto wao hawajui walizaliwa wapi. Tulipanda ngazi, lifti imekufa. Sebuleni wanawake wamejaa na simjui hata mmoja. Mama Rukia alishatangulia, niliambiwa mlangoni, kama mtu anavyokwambia mvua ilinyesha juzi. Nasra akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na mimi nikatafuta ukuta wa kuegemea. Ulikuwa wa baridi.

Zaituni alinitambua yeye. Alikuja akanikumbatia, mwepesi kama mwavuli, tukalia kidogo, maana kilio cha msiba hakichagui. Akakaa karibu yangu kabisa, goti kwa goti. Nikawaza, sasa. Nikamtambulisha Nasra, nikataja chuo kikuu mara moja na nyingine, nikitafuta mlango wa kuingilia. Yeye ndiye akaufungua. Akaanza kuikumbuka nyumba ya zamani, ukumbi wake, futari zake, Mama Rukia na matani yake. Akacheka huku anajifuta machozi.

"Na kunguni," akasema. "Ewe, kunguni wa nyumba ile. Hawakuisha mpaka siku nyumba inabomolewa. Mama alimwaga kila dawa, hata wabomoaji walitoka wanajikuna."

Nasra akajiweka sawa. Nilimwona anavuta pumzi ya mwalimu. Na Zaituni akanigeukia, uso wake hauna kitu chochote ndani, mweupe kama sahani iliyooshwa.

"Kwani ninyi mlihama kwa nini?" akaniuliza. "Nilikuwa najaribu kukumbuka jana. Mlikaa muda mfupi sana."

Nilimtazama kuona kama anajifanya. Hakuwa anajifanya. Mwaka ule wote, sahani ile, kawa ile, kaimati mbele ya kuku, chupa mbili, mkono wa mama yake wenye hina, vyote havikuwemo kwake. Nimebeba kesi miaka yote hii, na mahakama ilishavunjwa pamoja na nyumba. Nikamfinya Nasra pajani, kwa nguvu, akanyamaza.

"Chumba kilikuwa na joto," nikasema. "Kilipakana na jiko."

"Kweli," akasema Zaituni, akitikisa kichwa. "Kile chumba kilikuwa na joto sana."

Wakaleta chakula. Wali na nyama, sinia kubwa, wakaliweka chini mbele yetu, na msichana mmoja akapita na birika la kunawia. Zaituni alilivuta sinia katikati yetu, akalizungusha ili upande wenye minofu uwe kwangu. "Karibu, mgeni," akasema. Nikanawa, nikatia mkono.